TUSIUZE MASHINE KWA KOSA LA MKANDA

Ndugu wanaushirika,

Siku hizi maneno ni mengi karakanani. Eti mashine ya kuranda imezeeka, eti iuzwe chuma chakavu, tuchange tununue mpya. Mimi nasema hapana. Kwanza tuuangalie mkanda.

Ni kweli mashine inatetemeka. Mbao za mninga zinatoka na mawimbi, seremala anarudia kazi kwa randa ya mkono. Na mtetemo si kelele tu. Unakula beringi, unalegeza nati, na ubao ukirukaruka mbele ya kisu, kidole cha mtu hakiko mbali.

Lakini chanzo ni nini? Mkanda wa mpira ukikaa muda mrefu umevutwa kwenye puli bila kuzunguka, hushika umbo lile lile, kama kiatu kilichokauka kimekunjwa. Ukiwasha mashine, kila kikunjo kinapopita kwenye puli mashine inapigwa teke. Na sisi msimu wa kilimo karakana hulala wiki nyingi. Basi tunashangaa nini?

Hebu tupime kabla ya kuamua. Zima umeme, toa mkanda, kisha washa mota peke yake. Ikizunguka bila kutetemeka, mota haina kosa. Zima tena, zungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza au ikicheza, hizo ni beringi. Zikiwa nzima, wa kuulizwa ni mkanda na puli zake.

Mkanda hushika kwa mbavu, si kwa tumbo. Ukiona chini ya mfereji wa puli panang'aa, ujue mkanda au puli imelika. Puli zikae mstari mmoja. Vuta kamba uone. Wala mkanda usikazwe kama ngoma: penye nusu mita kati ya puli na puli, ukiubonyeza katikati uingie kama milimita 8.

Kwa hiyo naishauri kamati inunue mikanda bora. Upo wa meno kwa ndani, unaokunjika vizuri kwenye puli ndogo. Upo wa viungo, uliounganishwa vipande vipande, ambao haushiki kikunjo hata ukilala. Penye mikanda miwili, yote ibadilishwe siku moja, maana mpya ukiwekwa na mkongwe, kazi haigawanyiki sawa. Puli iliyo kama yai itolewe, fundi akereze nyingine ya chuma, kipenyo kile kile, ili mwendo wa kisu usibadilike.

Wapo wanaosema, "Mkanda haujakatika, wa nini kununua mwingine?" Ndugu zangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kungoja mkanda ukatike ni kulipia mkanda, halafu beringi, halafu mbao zilizoharibika. Wapo pia wanaoupaka mafuta ili ukae kimya. Huo si ufundi. Mafuta huharibu mpira, na mkanda utateleza.

Tukishafunga mkanda mpya, tusiurudishe kwenye mateso yale yale. Karakana ikifungwa kwa msimu, fundi alegeze mota kwanza, na kinga ya mkanda irudishwe mahali pake.

Naomba mkutano ujao uamue hivi: mkanda kwanza, habari ya kuuza baadaye. Siku hiyo mashine iwashwe bila ubao, tusimamishe sarafu ya shilingi mia kwa ubavu juu ya meza yake, wanachama wote wakiona. Ikisimama, mjadala umekwisha. Ikianguka, mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono tukae tujadili upya. Lakini mali ya wote isiondoke kijijini kabla haijapimwa. Ikishakwenda kwa kilo, hairudi.

Kazi kwenu, ndugu.

Mwanaushirika, Karakana ya Useremala