Nakala ya Njombe

Mwaka jana nilikwenda kuulizia ramani ya bomba. Bomba lenyewe linapita chini ya shamba letu, upande wa Wanging'ombe, na tulitaka kujenga bila kulitoboa. Ofisi niliyoingia siitaji, kwa sababu watu wake walinipokea vizuri. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na jina la mzee mmoja, fundi bomba mstaafu. "Kamuulize yeye, ndiye anayejua."

Nilimkuta kwake akimenya viazi. Kamwene, kamwene, akavaa buti, akachukua fimbo, na kwa saa nzima akanionyesha kwa ncha ya fimbo ile mahali bomba linapopinda, mahali penye chemba iliyofukiwa, na mahali walipokutana na mwamba ikabidi wauzunguke. Alikuwa kijana wakati wanakijiji wanachimba mitaro kwa majembe.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimemshukuru mzee na nimemkasirikia kila mtu mwingine.

Maana maji ya huku hayakuletwa kwa kubahatisha. Mwaka 1971 serikali iliahidi kwamba ifikapo 1991 kila mtu wa kijijini atapata maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Ili ahadi itimie, mikoa iligawiwa wafadhili kama nyama ya arusi: Finland ikapewa Mtwara na Lindi, Uholanzi Shinyanga na Morogoro, Norwei Kigoma na Rukwa, Ujerumani Magharibi Tanga. Denmark ilipata Iringa, Ruvuma na Mbeya, na enzi hizo Njombe na Makambako zilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Denmark ikaleta makampuni yake ya uhandisi, Carl Bro, Cowiconsult na Kampsax-Krüger, yakafanya kazi kwa ubia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikashiriki upande wa utafiti wa jamii. Mwaka 1982 ukatoka Mpango Kabambe wa Maji wa mikoa mitatu, majuzuu kwa majuzuu.

Haya hayakuwa makampuni ya jana. Krüger ni ya 1903. Kampsax ni ya 1917, na katika miaka ya 1930 ndiyo iliyosimamia ujenzi wa reli ya kukatiza Iran yote. Mizizi ya Cowiconsult ni 1930. Nami sina ugomvi na kazi yao. Nimesoma sehemu za mpango ule. Ni kazi ya watu waliotembea. Mito imepimwa, chemchemi zimeandikwa, vijiji vimeorodheshwa.

Ila nimeusomea wapi? Kwenye simu, nikiwa nimekaa stendi ya Makambako, kutoka maktaba ya taasisi moja ya maji iliyoko The Hague, Uholanzi, ambayo iliona karatasi hizo zina maana ikazipiga picha na kuziweka kwenye mtandao. Kwa Kiingereza. Mtu wa Makambako akitaka kujua wataalamu waliandika nini juu ya mto ulio nyuma ya nyumba yake, safari yake inapitia Ulaya.

Tazama sasa kumbukumbu zinavyotunzwa kwa wenzetu. Mwaka 2002 Kampsax ilimezwa na COWI. Carl Bro ilinunuliwa na Grontmij ya Uholanzi mwaka 2006, na Grontmij nayo ikanunuliwa na Sweco ya Uswidi mwaka 2015. Majina yamekufa, lakini kazi zao zimerithiwa, kwa kuwa kwa kampuni ya ushauri kazi ya zamani ni mali kama nyumba ilivyo mali. Kwetu nako kumegawanywa. Mwaka 2012 Njombe ikawa mkoa, Wanging'ombe ikawa wilaya yake, Makambako ikawa na halmashauri yake ya mji. Mwaka 2019 maji ya vijijini yakatolewa halmashauri yakapewa RUWASA. Huenda kila hatua ilikuwa na sababu nzuri. Lakini kila hatua ni kuhamisha makabati, na aliyewahi kuhama ofisi anajua karatasi za zamani huishia wapi: chooni, au kwa muuza karanga.

Hapo ndipo penye dhuluma. Zabuni ya ushauri inapotangazwa, kampuni hupewa alama kwa uzoefu. Kampuni kongwe huandika: tumefanya kazi Iringa, tumefanya kazi Njombe. Vilima vyetu vinawapa alama. Kampuni changa ya wahandisi wa Kitanzania, yenye kijana aliyezaliwa Igwachanya na anayejua kuwa kijito fulani hukauka Oktoba, haina cha kuandika. Halmashauri nayo haina nakala ya kumkabidhi kijana huyo aanzie hapo. Basi tunalipia upembuzi yakinifu upya, na usanifu wa kina upya. Tunauziwa mto wetu mara ya pili.

Mwaka 1982 unaweza kusema ulikuwa msaada, na mgeni hapangi sahani. Leo si hivyo. Juni 2022 ilisainiwa mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, na Njombe, Makambako na Wanging'ombe zimo. Fedha zake ni mkopo kutoka India, dola za Marekani milioni 500. Mkopo hulipwa, na tutaulipa sisi na watoto wetu. Anayelipia nyumba ana haki ya kuiona ramani yake.

Nimewahi kuambiwa kwamba michoro ni mambo ya wataalamu, mwananchi ataifanyia nini? Aliyeniambia alikuwa amekaa Makambako, treni ya TAZARA ikipiga honi nyuma yake. Mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia waliandika kwamba reli ya kwenda Zambia haina faida, iboreshwe barabara. Mwalimu Nyerere na Kaunda waliisoma ripoti ile wakaikataa. Ujenzi ulianza 1970, na kufikia 1975 reli ilikuwa imepanda kutoka Mlimba, kwenye mahandaki na madaraja, hadi hapa tulipokaa. Unaweza kubishana mpaka kesho kama reli ile imejilipa. Lakini waliweza kubishana na mshauri kwa sababu walikuwa na ripoti yake mkononi. Diwani wa leo hubishana na kibao cha mradi.

Wengine husema ni usalama, adui asijue mabomba yanapopita. Adui gani? Katapila la barabara ndilo linalokata bomba, kwa kuwa dereva wake hakuonyeshwa lilipo.

Ninachodai ni kidogo. Mhandisi mshauri asilipwe awamu ya mwisho mpaka michoro ya kilichojengwa kweli, si kilichokusudiwa, iwe imewekwa Njombe: kwa mamlaka ya maji, kwenye halmashauri, na kwenye ofisi ya kata inayohusika, pamoja na muhtasari wa Kiswahili ambao fundi wa jumuiya ya maji anaweza kuusoma. Kwa kampuni yenye umri wa miaka tisini hiyo ni kazi ya wiki moja. Na wateja wakiidai, itafanyika. Makampuni haya yanadaiwa hivyo kwao na hayalalamiki.

Nilichapisha kurasa chache za mpango wa 1982 pale Makambako, shilingi mia mia kila ukurasa, nikampelekea mzee wangu. Kiingereza hakikumhusu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ramani, akaigeuza juu chini ili mto ukae unavyokaa ukiutazama kutoka mlangoni kwake, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hapa wamekosea. Kijito hiki hakiitwi hivi." Akaomba kalamu. Akasahihisha jina la kijito, akahamisha njia, akaongeza chemchemi mbili ambazo hazikuwepo.

Nakala hiyo ninayo, kwenye droo, chini ya risiti za mbolea. Nimeuliza ofisi tatu wa kumkabidhi ni nani. Ya tatu waliniambia niiache kwa mlinzi.