Msanii Asiyejulikana, Wimbo wa 7

Wiki mbili hizi nimekuwa kimya kwa sababu ya kanda. Ndiyo, kanda, zile za plastiki zenye utepe wa kahawia, ambazo wadogo zetu ukiwaonyesha pamoja na kalamu hawajui viwili hivyo vinahusianaje. Eeddo yangu (kwa wasomaji wasiojua Kisomali, eeddo ni shangazi) ana sanduku la bati chini ya kitanda chake hapa Garissa, na ndani yake mna kanda arobaini na mbili. Joto letu mnalijua. Kama hamlijui, basi nawaambia kwamba utepe wa kanda haulipendi hata kidogo. Akaniita siku moja akaniambia, "Wewe si ulisomea kompyuta? Haya, zitoe hizi humo kabla hazijafa."

Shahada yangu ya sayansi ya kompyuta haikuwa na somo la kanda. Nimezoea kunakili gigabaiti kwa dakika chache, lakini kanda ya dakika sitini huchukua dakika sitini, haina njia ya mkato. Unaunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya, unabonyeza, unakaa unasikiliza. Na kwa kuwa huna la kufanya ila kusikiliza, unasikiliza kweli. Nadhani tangu nianze kazi hii ya kuandika programu sijawahi kusikiliza muziki namna hiyo.

Shida ilianza nilipomaliza. Karatasi nyingi za kanda zimefutika, kwa hiyo kompyuta ikanijazia mafaili yanayoitwa Msanii Asiyejulikana, Wimbo wa 1, Msanii Asiyejulikana, Wimbo wa 2, na kadhalika. Kuna Wimbo wa 7 kutoka kanda ya kumi na tisa ambao nimeusikiliza labda mara thelathini: sauti ya mwanamke, udi, na ngoma ndogo kwa mbali. Nikafanya kile ambacho kijana yeyote angefanya, nikaenda kwenye programu ya muziki ya simu na kuiomba inipe nyimbo zinazofanana na huo. Ikaniletea Bongo Fleva. Naipenda Bongo Fleva, lakini sikuiomba.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Watu wanafikiri mashine ya kupendekeza nyimbo ina masikio. Kazi yake kubwa ni kuhesabu. Inaangalia waliosikiliza wimbo A walisikiliza nini kingine, na kama wengi walisikiliza B, basi na wewe utaletewa B. Ni hesabu nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini hesabu inahitaji watu wa kuhesabiwa. Spotify ilifika Kenya Februari 2021. Kabla ya hapo, na hata baada yake, nyimbo za Garissa, Wajir na Mandera zimepita wapi? Zimepita kwenye kanda, kisha kwenye flashi na memori kadi ulizojaziwa dukani, kisha Bluetooth, kisha WhatsApp. Ukimrushia mwenzako wimbo kwa Bluetooth ndani ya basi, hakuna seva popote duniani inayojua kwamba umefanya hivyo. Sisi tunasikiliza muziki mwingi sana, ila tunausikiliza gizani. Mashine haituchukii, haituoni tu.

Ndiyo maana nasema orodha ya nyimbo iliyopangwa na mtu kwa mkono si mchezo wa vijana wasio na kazi. Kwa muziki wa huku kwetu, ni karibu njia pekee ya wimbo mmoja kumfikisha msikilizaji kwenye wimbo mwingine.

Kuna na tatizo la majina, ambalo kwa mwandishi wa programu ni tamu kama halwa. Kisomali kilipata maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972, na katika maandishi hayo X ni ile H nzito ya Kiarabu, na C ni ain. Kwa hiyo mwanamuziki yule yule, baba wa udi wa Kisomali, anaandikwa Cabdullaahi Qarshe kwenye faili moja na Abdullahi Qarshe kwenye faili jingine. Kwa binadamu ni mtu mmoja. Kwa hifadhidata ni watu wawili wasiojuana, na kila mmoja ana wasikilizaji nusu. Nikaandika skripti fupi: X iwe H, C mwanzoni mwa jina iondoke, herufi mbili zinazofanana ziwe moja. Cabdullaahi na Abdullahi wote wakawa abdulahi, nikashangilia peke yangu saa saba za usiku. Kisha Cumar na Omar wakagoma kukutana, nikaongeza sheria. Kisha kina Axmed Cali wote wakawa mtu mmoja, nikaacha kushangilia. Mwishowe nilimuuliza eeddo yeye anawatofautishaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani. "Kwa jina la utani." Bila shaka! Halima Khalif ni Magool, Ahmed Ismail Hussein ni Hudeydi, yule mpiga udi aliyefariki London mwaka 2020. Nikabadilisha skripti ianze na jina la utani. Makosa yakapungua sana. Miaka minne ya chuo kikuu, na ufunguo wa jedwali nimepewa na mama wa miaka sitini na kitu anayechambua mchele.

Mafaili ya zamani ya MP3 nayo yana kisa chao. Mfumo wa kwanza wa kuandika maelezo ndani ya MP3 ulichukua baiti 128 za mwisho wa faili, na jina la wimbo lilipewa herufi 30 basi. Majina mengi ya Kisomali niliyonayo yamekatwa shingo hapo hapo kwenye herufi ya thelathini. Na aina ya muziki ilikuwa namba kutoka orodha ya aina 80. Polka imo, namba 75. Sisi hatumo. Nyimbo zetu zote zilitupwa kwenye namba 12, yaani "nyinginezo", au namba 48, ambayo ukiitafsiri ni "za kikabila". Polka si ya kabila lolote, inaonekana.

Labda mtauliza haya yanahusu nini muziki wa wasanii huru, wale wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Yanahusu sana. Somalia ya Siad Barre, bendi nyingi kubwa zilikuwa za serikali. Iftin ilikuwa chini ya wizara ya elimu (mimi nimekulia Bula Iftin na sikujua kulikuwa na bendi yenye jina hilo hadi mwaka jana, aibu yangu). Dur-Dur Band ya miaka ya 1980 ilikuwa ya watu binafsi, na kanda zao zilisambaa kwa kunakiliwa kutoka mkono hadi mkono. Mwaka 2013 lebo ya Awesome Tapes from Africa ikaitoa upya kanda yao moja, Volume 5. Mwaka 2017 Ostinato Records ya New York ikatoa mkusanyiko uitwao Sweet as Broken Dates, kwa kutumia hazina ya kanda za Hargeisa, baadhi zikiwa zile zilizofukiwa ardhini ili zisiangamie mji ulipopigwa mabomu mwaka 1988. Mkusanyiko huo uliteuliwa kuwania Grammy. Analog Africa ya Ujerumani ikafuata na Mogadisco mwaka 2019. Nawashukuru wote. Lakini inaniuma kidogo kwamba nimeijua Dur-Dur kupitia Wamarekani, wakati eeddo alikuwa nayo chini ya kitanda.

Basi nimetengeneza orodha yangu ya kwanza yenye mada, nikaiita Daraja la Tana. Mada ni barabara ya Garissa hadi Nairobi, kilomita kama 370, na sheria yake ni kwamba wimbo unafuata mahali, haufuati mtindo. Inaanza na Gargar, kina mama wa hapa hapa Garissa waliorekodi na Ketebul Music ya Nairobi. Jina lao maana yake ni msaada, na albamu yao inaitwa Garissa Express, kwa hiyo hapo sikufikiri sana. Darajani basi linasimama kukaguliwa vitambulisho. Sijaweka wimbo hapo. Nimeweka dakika mbili za kimya, na aliyewahi kushushwa kwenye basi hilo ataelewa. Baada ya Madogo nimeweka kina Qarshe, kwa heshima ya Abdi Sinimo, dereva wa lori ambaye mtindo wa balwo ulianza naye miaka ya 1940. Inasimuliwa kwamba lori lilimharibikia njiani, akaanza kuimba. Mwingi ni kwa Wakamba, na hapo mfalme wangu ni Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, hasa kwa kuwa mlima Kilimambogo wenyewe utauona kabla ya Thika. Mwisho ni Eastleigh, na Waayaha Cusub, vijana walioanza kurap huko mwaka 2004 bila kampuni yoyote. Kiongozi wao alipigwa risasi mwaka 2007 kwa sababu ya nyimbo hizo, akapona, wakaendelea.

Nilimpigia eeddo orodha yote. Alifurahi, hata Kakai alimtikisia kichwa. Kisha nikamwonyesha nilichokuwa nakionea fahari zaidi: kanda ya nne, harusi, wanawake wanaimba buraanbur, na sauti ya tatu ni yake akiwa msichana. Nilitaka iwe wimbo wa kufungua. Nilikuwa nimeshaisafisha kelele, imebaki kubonyeza tu ipande mtandaoni.

Akasema hapana. Hakukasirika. Aliniambia kwamba chumba kile kilikuwa cha wanawake, mlango ulifungwa, na wawili kati ya walioimba wamekufa, nani atawauliza? Nikaanza kumweleza habari za kuhifadhi utamaduni, jinsi kanda zinavyooza, yote niliyoyaandika hapo juu. Akasema, "Nilikuomba uzitoe kwenye kanda. Sikukuomba uzitoe nje."

Nimebishana na nafsi yangu siku kadhaa. Nusu yangu bado inaona tunapoteza kitu, maana buraanbur nzuri kama ile sijaisikia kwingine, na mtoto wa Mandera atakayeitafuta miaka ishirini ijayo hataipata. Lakini nimeifuta kwenye orodha. Imebaki kwenye flashi mbili, moja kwake, moja kwangu, na folda ina nywila ambayo ameichagua yeye.

Zimebaki kanda kumi na moja. Wimbo wa 7 bado hauna mwenyewe. Eeddo ana hakika kwamba huyo si Magool, na kwenye karatasi ya kanda imebaki herufi moja tu, S. Kesho naupeleka Soko Mugdi kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza kanda kabla ya flashi kumfungia duka.