Mpaka Unaoonwa na Upande Mmoja Siyo Mpaka



Nina swali. Mkulima wa Kagerankanda yuko katikati ya shamba lake la mahindi, mtandao hakuna. Anakuja mtu na kishikwambi, anatazama kioo, anasema: "Hapa uko ndani ya hifadhi." Mkulima atajibu kwa kitu gani? Kwa mdomo tu. Na neno la mnyonge linavyopimwa nchi hii, wote tunajua.

Mgogoro wa Kagerankanda na msitu wa hifadhi wa Makere Kusini si habari mpya kwa mtu wa Kasulu. Matamko yametolewa sana, lakini tamko la jukwaani halina vipimo vya GPS. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kinatambua kuwa ya kijiji ardhi ambayo mipaka yake imekubaliwa kati ya halmashauri ya kijiji na chombo kinachosimamia hifadhi. Kinatambua pia ardhi ambayo wanakijiji wameitumia kwa miaka 12 kabla ya sheria hiyo, ila isiwe ya hifadhi. Kwa hiyo haki yote inategemea mstari. Upande huu wewe ni mwenye shamba, ukivuka hatua mbili wewe ni mvamizi. Halafu mstari wenyewe huruhusiwi kuushika mkononi! Makubaliano gani hayo, mmoja anaona na mwingine haoni?

Tunaambiwa eti teknolojia hiyo ni ya wataalamu na vijijini hakuna mtandao. Jamani, GPS haili bando. Simu janja inapokea mawimbi ya setilaiti hata ikiwa haina laini. Programu kama OsmAnd na Organic Maps unapakulia ramani ukiwa Kasulu mjini, unaingia nayo porini, inakuonyesha uliposimama. Unaweka alama ya kisima au shule papo hapo, inakaa ndani ya simu, unaituma siku ukipata mtandao.

Wala siyo ndoto za Ulaya. Iringa Vijijini, kuanzia 2014, mradi wa MAST uliofadhiliwa na Marekani ulifundisha vijana wa kijiji kupima mipaka ya mashamba kwa simu, mwenye shamba na majirani zake wakiwepo, na watu wakapata hatimiliki za kimila. Na Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi nchi nzima. Serikali ikitaka kutuhesabu, ukosefu wa mtandao haujawahi kuwa sababu. Unakuwa sababu pale sisi tunapotaka kuona.

Kuona peke yake hakutoshi, lazima tuweze na kusahihisha. Kwenye OpenStreetMap, ramani huru iliyoanza 2004, kila kitu kina namba ya toleo. Mimi na wewe tukirekebisha njia moja tukiwa hatuna mtandao, atakayetuma wa pili mfumo unamkatalia kwanza: kuna mwenzako amebadilisha, angalia. Na historia inabaki, nani alibadilisha na lini. Sasa niambie, mstari wa hifadhi ukihamishwa, mwanakijiji anaiona wapi historia hiyo? Nani anamwambia "subiri, kuna mwenzako"?

Watasema simu inakosea. Ni kweli, inakosea mita kadhaa, na chini ya miti mirefu zaidi. Hatusemi simu imfukuze mpima ardhi. Ila ubishi wa shamba zima hauletwi na mita tano. Wengine watasema tunataka kufyeka msitu. Hapana. Msitu unalindwa vizuri zaidi na jirani anayejua unapoanzia.

Madai yetu ni matatu. Kwanza, TFS na Wizara ya Ardhi watoe faili la mpaka wa Makere Kusini, lipakuliwe na nakala ikae ofisi ya kila kijiji kinachopakana nao. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya taarifa, siyo fadhila. Pili, programu yoyote ya serikali ya kupima ardhi ifanye kazi bila mtandao, na ikimaliza iache nakala kijijini. Mmesahau Oktoba 29, 2025? Intaneti ilizimwa nchi nzima. Haki inayokaa kwenye seva peke yake inazimwa na swichi. Tatu, mstari usibadilishwe kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaonyeshwa wa zamani na mpya.

Wakati tunadai, tusikae bure. Pakua ramani leo. Tembea na wazee, wekeni alama kwenye mawe ya mpaka, visima, makaburi na mashamba ya zamani. Hifadhi nakala simu mbili, andika tarehe na nani alikuwepo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama itauliza ulitunzwaje. Na tafadhali, majina ya watu na mashamba yao msiyaweke kwenye ramani ya wazi. Hayo yabaki kijijini.

Msimu wa kulima haungoji kikao. Kijana mwenye simu Kagerankanda, Makere, Kibondo, kazi yako ndiyo hiyo.