Kompyuta Nzee, Kanzu Mpya

"Baba, kompyuta imekufa!" Ndivyo alivyonipokea kifungua mimba wangu Jumamosi moja, machozi yakimlengalenga. Alitakiwa kuwasilisha insha ya chuo Jumatatu. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kumwambia dawa ni kununua nyingine. Kwa pesa za nani?

Nilipoitazama sikuona maiti, niliona mzee aliyebebeshwa gunia. Ni kompyuta ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu, nayo inatumia Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux.

Msomaji, wengi hudhani kwamba yale madirisha na vijipicha vya kubonyeza ndiyo kompyuta yenyewe. Katika Linux hiyo ni kanzu tu, na kanzu zipo tele. Ubuntu huja na GNOME, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Miguel de Icaza na Federico Mena, wote wa Mexico. Inapendeza, ila inakula kumbukumbu. Xfce, aliyoianza Mfaransa Olivier Fourdan mwaka 1996, ni nyepesi zaidi. Alama yake ni panya.

Basi nikafungua kidirisha cha amri, nikaandika:

sudo apt install xfce4

Nikatia neno la siri, tukasubiri intaneti ilete mzigo. (Ukiulizwa uchague kati ya gdm3 na lightdm, baki na gdm3 uliyoizoea.) Kisha usizime, toka tu, ubonyeze jina lako, na kabla ya kuandika neno la siri tafuta alama ya gurudumu lenye meno pembeni chini. Hapo chagua Xfce, uingie. Faili zako zote utazikuta pale pale ulipoziacha. Usipoipenda, rudi kwa gurudumu lile lile uchague ya awali. Ila usikimbilie kuifuta GNOME, maana inaweza kuondoka na programu nyingine unazozihitaji.

Nisikudanganye: kurasa nzito za intaneti bado ni nzito. Nilimkataza binti yangu kufungua kurasa kumi kwa pamoja, akanuna.

Insha ilikamilika Jumapili jioni. Analalamika kwamba vitufe ni vya kizamani. Naye mama yake, alipopita na chai, aliuliza ni nani aliyeingiza panya kwenye kompyuta.