Msiniagize Laptopu Isiyofunguka

Ndugu zangu mlioko nyumbani,

Vyuo vinakaribia kufunguliwa na simu yangu hapa Utrecht imejaa maombi: mjomba, kuna mdogo wako kachaguliwa chuo, mtafutie mashine, kaka, nami nikumbuke. Picha mnazonitumia zinafanana zote. Ni laptopu nyembamba, ya rangi ya fedha, haina skrubu hata moja inayoonekana. Nimeona niwajibu wote kwa barua moja: za namna hiyo sitatuma tena, na naomba mnisikilize hadi mwisho kabla hamjanuna.

Mpwa wangu anayesoma Dodoma alinunua mashine ya aina hiyo, mpya, ndani ya boksi lake. Ilikuwa na memori ya GB 4. Masomo ya takwimu yalipoanza ikawa inaganda kila mara, akaipeleka Kariakoo kwa fundi wa Mtaa wa Aggrey aongezewe memori. Fundi akafungua mgongo, akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi vichipu vyeusi vilivyochomelewa kwenye ubao mkuu. "Hapa hakuna tundu, mwanangu," akamwambia. "Memori ndiyo hiyo iliyozaliwa nayo." Akaifunga, na hakumtoza hata shilingi. Kioo kilikuwa kizima, kibodi nzima, betri inakaa na chaji. Mashine haikuharibika popote. Ilikuwa imeshahukumiwa tangu kiwandani.

Hukumu hiyo ina historia yake. Mwaka 2012 Apple walitoa MacBook Pro yenye kioo cha Retina, memori ikiwa imechomelewa na betri imegundishwa kwenye ganda. Watu wa iFixit, ambao kazi yao ni kufungua vifaa na kuvipa alama kwa jinsi vinavyotengenezeka, waliipa 1 kati ya 10. Ikauzwa sana hata hivyo, na makampuni mengine yakafuata mkondo. Siku hizi mnunuzi anaambiwa unene wa mashine kwa milimita na uzito wake kwa gramu. Habari za kuifungua hazimo kwenye tangazo.

Mtauliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kuliko wanaouziwa huku. Ofisi za Ulaya hubadilisha laptopu kila baada ya miaka michache. Zile za zamani huchukuliwa na wafanyabiashara, zikafutwa kilichomo, zikapakiwa, na sehemu yake zikashushwa bandari ya Dar es Salaam na ya Mombasa. Watoto wetu wengi wamejifunza kompyuta kwa mashine hizo. Mwenye mashine wa kwanza hajui kama betri yake imegundishwa, maana anaachana nayo kabla betri haijachoka. Anayekutana na gundi ni mnunuzi wa pili, na wa pili ni sisi. Kwa hiyo kinachoamuliwa leo kwenye meza ya mhandisi wa California au Taipei, bili yake inalipwa Kariakoo baada ya miaka mitano, sita.

Sasa niwaambie nilichokiona. Jumamosi nyingine huwa najitolea kwenye meza ya matengenezo ya mtaani kwetu. Huku zinaitwa Repair Café, zilianza Amsterdam mwaka 2009: watu wanaleta vifaa vibovu, wanaojua wanawasaidia kuvitengeneza bila malipo. Dada mmoja alileta laptopu ya Framework, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Nirav Patel, iliyotoa mashine yake ya kwanza mwaka 2021. Kibodi ilikuwa imemwagikiwa kahawa. Bisibisi alikuja nayo, maana inatoka kiwandani ndani ya boksi pamoja na laptopu yenyewe. Chini kuna skrubu tano, na zimeshikiliwa humo humo, ukizilegeza haziangukii sakafuni zikapotea. Ukiigeuza, sehemu yote ya kibodi unaiinua kwa vidole, imeshikwa na sumaku. Unachomoa waya bapa mmoja na ndani pote pako wazi: memori kwenye matundu yake, diski, feni, betri. Kila kipande kimeandikwa jina, na kina alama ya kupiga picha kwa simu ikakupeleka kwenye maelekezo ya kukibadilisha na mahali pa kukinunua. Kioo nacho, fremu yake inabanduka kwa mkono. Tulimaliza kazi kabla chai haijapoa, na yule dada ndiye aliyeifanya, mimi nilishika taa tu.

Kilichonigusa zaidi ni ubao mkuu. Toleo jipya la prosesa likitoka, mwenye mashine ya 2021 halazimiki kununua laptopu nyingine. Ananunua ubao, anauweka ndani ya ganda lile lile, kioo kile kile. Ule wa zamani hautupwi, unaweza kufanya kazi peke yake kama kompyuta ndogo ya mezani. Matundu ya pembeni nayo ni vijisanduku vya kuchomeka: leo unataka HDMI, kesho USB ya kawaida, unachomoa hiki unaweka kile. Michoro ya vijisanduku hivyo kampuni imeichapisha wazi, mtu yeyote anaweza kutengeneza chake. Nikawa nawaza vijana wetu wa vyuo vya ufundi vya VETA wakipewa michoro ya namna hiyo.

Msikimbilie kuniagiza hiyo, hata hivyo. Bei yake ni kubwa, na mnunuzi wa leo analipia uhuru ambao faida yake ataiona baada ya miaka. Soko lake kubwa liko Marekani, Kanada, Ulaya na Australia, na spea zake nyingi huagizwa kwa kampuni hiyo moja. Tena hata wao, walipotoa kompyuta ya mezani mwaka 2025, memori yake wameichomelea. Wakaeleza kuwa prosesa waliyoichagua inataka kasi ambayo matundu ya kawaida hayaitoi. Nawaheshimu kwa kulisema jambo hilo waziwazi, ila imechomelewa.

Kwa pesa zetu za sasa, jibu mnalo tayari madukani. Tafuteni ThinkPad T480, ya mwaka 2018. Ina matundu mawili ya memori, betri mbili ambazo ile ya nyuma unaichomoa kwa mkono bila bisibisi, na kitabu cha Lenovo cha kuifungua hatua kwa hatua kinapatikana bure mtandaoni. Mafundi wetu wanaijua, spea zake zimejaa. Ninaloliona la matumaini ni kwamba shinikizo limeanza kuwafikia hata wakubwa: ThinkPad T14 ya mwaka 2024 ilisanifiwa kwa ushauri wa iFixit, ikapata 9 kati ya 10. Hizo ndizo zitakazoshuka bandarini kwetu ofisi za huku zikishazichoka.

Sheria nazo zinasogea. Ufaransa, tangu Januari 2021, laptopu haiuzwi dukani bila alama ya kutengenezeka, na katika kuihesabu wanaangalia mpaka bei ya spea. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kuanzia Februari 18, 2027, betri za vifaa vya namna hii ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe kwa zana za kawaida. Viongozi wetu hawakuwa kwenye kikao kilichopitisha hayo, lakini matunda yake yanaweza kutufikia kwa njia ya mitumba, na kama yatatufikia au la, inategemea na sisi tutakachokubali kununua.

Naandika hivi nikiwafikiria pia ndugu zetu wa Kolwezi, Kongo, wanaozungumza lugha hii hii. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na kobalti ile inaingia kwenye betri za simu na laptopu. Kuna watu wanaoichimba kwa sululu na mikono, ndani ya mashimo yasiyo na nguzo. Halafu betri iliyotoka kwenye jasho hilo inagundishwa ndani ya mashine, ikichoka inakwenda jalalani pamoja na kioo kizima na prosesa nzima. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri hazikufika hata robo. Sioni namna ya kuliita jambo hili maendeleo.

Basi, mnaokwenda dukani: igeuzeni mashine kabla ya kuuliza bei. Hesabuni skrubu. Muulizeni muuzaji memori ina matundu mangapi, na betri inatokaje. Akibabaika, mpigieni simu fundi wenu palepale mkiwa dukani. Nanyi mnaokaa kwenye kamati za manunuzi za shule na vyuo, mna nguvu kuliko sisi sote. Agizo la mashine mia moja likiandikwa kwamba memori isichomelewe, muuzaji atatafuta mpaka apate.

Mafundi wangu wa Aggrey na kwingineko, kwenu nina ombi la peke yake. Niandikieni spea mnazozikosa, pamoja na namba iliyo nyuma ya kipande chenyewe, si jina la mashine tu, maana T480 moja inaweza kuwa na kibodi za aina mbili tatu. Memori, feni, kibodi, hata kioo nitatafuta huku na kumpa mtu anayekuja. Betri ndiyo yenye masharti: kwenye ndege haziruhusiwi kwenye begi la kupakiwa chini, abiria anaingia nazo mkononi, kwa hiyo nitaweza chache kwa safari. Anzeni na zile ambazo wanafunzi wanazisubiri.

Ndugu yenu,
Utrecht