Potopoto si kitu bure



Tukitaja potopoto, wengi wanacheka. Wanasema ni mahali pa mbu na pa kuchafua viatu, basi. Sisi tunasema: tufikiri tena.

Maji ya Luama ya Kabambare yanaingia Lualaba, yanapita Kindu na Kisangani, halafu yanafika Mbandaka kwa jina la Kongo. Upande ule kuko pori kubwa zinazosimama ndani ya maji. Majani na miti vinaanguka mle, lakini kwa kuwa hewa ni kidogo, havioze vyote. Vinalaliana kwa maelfu ya miaka hata kuwa udongo mweusi, ndio turbe. Wataalamu walipima mwaka 2022 wakaona inaenea kilometa mraba 167,600 hivi, kwetu na Kongo-Brazzaville, na theluthi mbili ni yetu. Ndani mwake kuna kaboni karibu tani milyari 29.

Maji ndiyo kufuli ya ghala hiyo. Yakikauka, hewa inaingia, turbe inaoza ao inawaka moto, na kaboni inapanda juu kuzidisha joto ya dunia. Jambo hili lilikwisha kutokea: kati ya miaka 5,000 na 2,000 hivi iliyopita mvua ilipungua kule, na turbe nyingi ikapotea.

Mwaka 2022 serikali ilitangaza mnada wa petroli, sehemu zingine zikiwa juu ya turbe. Oktoba 2024 mnada ule ulifutwa. Wengine wanasema: tuko maskini, tuchimbe tu. Hatuwacheki, njaa tunaijua. Lakini zahabu inatoka Kabambare tangu miaka mingi, na barabara ziko namna gani? Mnajua wenyewe.

Maoni yetu ni haya. Inchi tajiri zilizochoma makaa na petroli kupita wengine zilipe juu ya ulinzi wa ghala hii, na feza ifike mikononi mwa wanavijiji wa kule. Kuwaambia «musiguse» bila kuwapa kitu ni kuwaonea.

Na sisi wa Kasongo tusikae kutazama tu. Mabonde yetu ya maji tusiyachome wakati wa kiangazi, wala tusiyakaushe ovyo. Kesho kati yetu watatoka wakulima, waganga na wabunge. Mbunge asiyejua kazi ya potopoto ataiuza kwa bei ya potopoto.

Mwenye wazo lingine aandike, tutamsoma.