Umelipa mega, mtandao hauendi: haki yako iko wapi?
Hapa Songo, ukitia mega jioni, video inazunguka tu. Antene moja inagawia watu wote wa karibu. Kampuni ikiuza kupita nguvu yake, kila mteja anapata kidogo. Muda wa forfe ukiisha, mega zinakufa, pesa hairudi.

Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ndiyo inaongoza mawasiliano Kongo, na ARPTC ndiyo inasimamia makampuni. Lakini nani wa Uvira atapanda ndege kwenda Kinshasa sababu ya forfe moja?

Tukumbuke RAM: ilikata inite zetu, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G ao 4G. Wananchi na wabunge walipiga kelele, ikafutwa 2022. Basi tunza mesaji ya malipo, andika saa, mlalamike pamoja.